Kitabu kinasema E, mimi nasema C: nani kakosea?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Moshi, Majengo, mchana nafanya uhasibu na usiku najiandaa na GMAT, ule mtihani wa kuombea shule za biashara, maana nataka kuomba MBA nje. Hesabu za kawaida naziweza, ila haya maswali ya taarifa zinatosha au hazitoshi yananipiga chenga, hasa yakija ya tarakimu. Juzi nimekutana na hili: N ni namba ya tarakimu mbili, je ni ngapi? (1) Jumla ya tarakimu zake ni 12. (2) Ukizizidisha hizo tarakimu unapata 35. Mimi nikaona ikwesheni mbili, herufi mbili, nikaweka C nikaenda zangu. Kitabu kinasema E. Kimekosea?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kitabu kiko sawa, pole.

Wenzetu wasiojua haya maswali: hapo hutafuti jibu, unasema tu kama taarifa ulizopewa zinatosha kulipata. A ni ya kwanza peke yake, B ya pili peke yake, C mpaka uziunganishe, D kila moja inajitosheleza, E hata ukiziunganisha bado.

Sasa sikia, mwezi uliopita nilisahau mwavuli kwenye kosta ya kutoka Arusha, nikarudi stendi nikamwambia kijana wa pale nakumbuka namba ya gari inaanzia 3 halafu kuna 5 na 7. Akaniangalia akasema, "Mama, 357 au 375?" Nikanyamaza. Yaani tarakimu zote ninazo mkononi na gari sijalijua, na hilo ndo swali lako lilivyo: 5 + 7 ni 12, 7 + 5 pia ni 12, kuzidisha nako hivyohivyo, kwa hiyo 57 na 75 zote zinapita na hakuna kinachokwambia ipi inakaa kwenye makumi. E. (Mwavuli sikuupata.)

Ile sheria ya shule kwamba ikwesheni mbili zinamaliza herufi mbili iache mlangoni ukiingia kwenye tarakimu, maana inakuangusha pande zote mbili. Angalia upande wa pili. Umeambiwa N ni mara 8 ya jumla ya tarakimu zake, basi, hakuna kingine. Makumi iite a, mamoja b, namba yenyewe ni 10a + b, kwa hiyo 10a + b = 8a + 8b, inabaki 2a = 7b. Ikwesheni moja tu hiyo, wengi wanakimbilia kusema haitoshi, lakini a na b haziwezi kuzidi 9 na a haiwezi kuwa 0, sasa b iwe ngapi? Ukiweka 2 a inakuwa 7, ukiweka 4 a inakuwa 14 na hiyo si tarakimu tena. Ni 72 peke yake. Inatosha!

Kugeuza tarakimu nako wanapenda sana. Ukigeuza na kutoa unapata mara 9 ya tofauti ya tarakimu, kila siku. Wakikwambia jumla ni 12 na namba ikigeuzwa inaongezeka 36, tofauti ni 4, unapata 48 na C yako inasimama. Ila wakisema tu "zinatofautiana kwa 36" bila kusema ipi kubwa, 84 nayo inaingia na umerudi E. Neno moja tu hilo.

Halafu soma swali lenyewe linataka nini. Wangeuliza je, N inagawanyika kwa 9, ile jumla ya 12 peke yake ingetosha, maana 12 haigawanyiki kwa 9 na jibu ni hapana siku zote, na hapana ya uhakika ni jibu kamili. Hapa hata wahasibu wanateleza.

Muda nao: tangu mtihani ubadilishwe mwishoni mwa 2023 haya maswali yametolewa kwenye hesabu yakapelekwa Data Insights, sehemu ya kuchambua taarifa, maswali 20 dakika 45, na kalkuleta unapewa kwenye skrini. Mimi kwenye tarakimu siigusi, naandika orodha kwa mkono, jumla ya 12 ni 39, 48, 57, 66, 75, 84, 93, sekunde kumi umemaliza.

Jaribu hili: N ya tarakimu mbili ni ngapi? (1) N ni mara 7 ya jumla ya tarakimu zake. (2) N inagawanyika kwa 9. Kwenye ya kwanza mimi napata namba nne, ukipata na 105 ujue umeweka 10 mahali pa tarakimu.