Jibu: Potifolio ya mtandaoni inasaidia kweli kupata kazi Lubumbashi?

Ndugu yangu, umeuliza kama potifolio ya mtandaoni, yaani mkusanyo wa kazi zako, inaweza kumsaidia mwanafunzi wa umeme asiye na mjomba kwenye kampuni. Inasaidia, ila si ile ya kupambwa rangi na kujazwa picha za vyeti. Yangu ya kwanza ilikuwa hivyo, kurasa kumi na mbili, na sijui kama kuna aliyeifungua.

Ya pili niliweka kazi moja tu: mota ya pampu niliyoifunga waya upya kwenye karakana moja ya Kenya (Kenya yetu ya hapa, komine ya Lubumbashi, si ya Nairobi). Picha ya koili zilizoungua, mchoro wangu wa kalamu, vipimo vya multimita (kipima umeme) kabla na baada, na kosa langu: nyaya mbili za fezi nilizibadilishana, mota ikazunguka kinyume. Injinia aliyenisimamia kwenye staji (mafunzo kazini) aliishia hapo hapo penye kosa, akaniuliza nililigunduaje. Tukaongea karibu nusu saa.

Kwa hiyo itume kwa mtu aliyekuona ukishika bisibisi, si kwa anwani ya ofisi. GitHub Pages, huduma ya kuweka tovuti mtandaoni, ni bure, lakini tengeneza na PDF nyepesi ya kupita WhatsApp, maana wengi watafungua kwenye simu, kwa mega (data) za kununua. Andika kwa Kifaransa, na muhtasari mfupi wa Kiingereza kwa ajili ya kampuni za migodi. Picha za ndani ya mgodi usiweke bila ruhusa, chora tu.