Mwiba wa mkonge si wa kupakwa asali

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na picha ya mguu nimeiona. Unasema mwiba wa mkonge umekuchoma juu kidogo ya kifundo, sasa pamevimba na panatoa usaha. Mama mwenye nyumba anakuosha kwa maji ya mwarobaini na kukupaka asali, nawe unaniuliza uendelee naye au uende zahanati. Nenda zahanati kesho asubuhi, kabla ya kwenda shamba. Haya mengine yasome leo usiku kabla hujalala.

Yule mama usimdharau. Asali inatumika hata hospitalini kwa vidonda. Ina maji machache, ina uchachu, na ikikutana na majimaji ya kidonda hutoa kidogo kidogo haidrojeni peroksaidi, dawa ileile ya kusafishia vidonda inayouzwa kwenye chupa. Papai nalo halimo kwenye hadithi za bibi tu: katika hospitali ya Royal Victoria ya Banjul, kule Gambia, wauguzi waliliponda na kuwapaka watoto walioungua, kwa sababu linalainisha na kuondoa nyama iliyokufa. Ila asali ya hospitali hupigwa mionzi kwanza ili kuua mbegu za vijidudu, maana ukiichemsha unaipunguzia nguvu. Ya kwenye chupa ya maji pale stendi, nani anajua imechanganywa na nini?

Kuhusu mwarobaini nina maoni yangu, na shangazi zako hawayapendi. Bibi yako alituosha vidonda sisi sote kwa mwarobaini, na kazi ya kuchochea kuni ilikuwa yangu. Naamini kilichotuponya zaidi ni yale maji kuchemka kweli, vitambaa kuchemshwa humo humo, na kuoshwa asubuhi na jioni bila kuruka siku. Bibi hakuwa na mchezo na usafi. Siku hizi watu wamechukua majani wakauacha moto: wanatwanga mabichi, wanabandika, wanafunga na kitambaa cha mfukoni.

Kidonda chako hasa ni cha aina nyingine. Ukikatwa na panga kidonda kiko wazi, unakiona mpaka chini. Mwiba wa mkonge unaingia ndani halafu ngozi inajifunga juu yake, na wakati mwingine ncha inakatikia humo. Ukipaka asali juu, haifiki kwenye tatizo. Usaha unatakiwa upewe njia ya kutoka, na anayejua kuifungua ni mtu mwenye vifaa safi. Usikubali wembe wa jirani.

Halafu kuna pepopunda, na hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Mbegu zake zimo kwenye udongo na kwenye mavi ya ng'ombe, na zinastawi pasipo na hewa, yaani ndani kabisa ya tundu kama hilo. Hakuna jani linaloizuia. Sindano ndiyo inayoizuia. Dada zako walichomwa kliniki walipokuwa wajawazito. Nyinyi wanaume mkishamaliza chanjo za utotoni hakuna anayewakumbuka mpaka muumie. Mwambie mganga wa zahanati wazi kwamba ni mwiba, wa shambani, na kwamba hukumbuki sindano ya mwisho ulichomwa lini. Ukiona taya linakaza au shingo inakauka, usisubiri kukuche.

Wanasema kidonda kibaya huwa chekundu. Kwenye ngozi zetu huo wekundu unaweza usiuone. Papase: pana joto kuliko mguu wa pili? Ngozi inang'aa, imekuwa nyeusi zaidi? Angalia na kinena. Ukikuta mtoki, au ukianza kutetemeka kwa homa, uchafu umeshapanda. Waombe wakupime na sukari, maana baba yako kisukari chake kilijulikana kwa kidonda cha kidoleni kilichogoma kupona.

Leo usiku chemsha maji nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yaache yapoe, oshea, funika kwa kitambaa kilichochemshwa na kukaushwa juani. Usikamue. Usitie majivu wala mafuta ya taa. Na kile kitu vijana mnachokiona cha kisasa, kufungua kidonge cha rangi mbili na kumwaga unga wake kwenye kidonda, kiache kabisa. Unaganda juu kama saruji, usaha unabaki chini, na vijidudu vinajifunza kuizoea dawa. Ukiandikiwa vidonge, vimeze, na umalize dozi hata uvimbe ukishuka.

Shubiri ya mama mwenye nyumba iwekeni. Siku ukiungua kidogo na sufuria, ute wake wa ndani unapoza vizuri baada ya kumwagia maji ya baridi, ila yale maji ya manjano chini ya ganda yamwage, yanawasha.

Pesa nimekutumia kwa simu. Lakini huo mwiba umekuchoma kazini, kwa hiyo mnyapara aandike kwamba umeumia, kwa tarehe yake, mara utakapofika shamba ukitoka zahanati. Fidia ya wafanyakazi huanzia kwenye taarifa ya mwajiri. Akicheka kwamba ni mwiba tu, mwambie aandike huku anacheka.

Mama yako