Krimu au bluu? Anza na dirisha

Sebule yangu hapa Mwanga, Kigoma, ina dirisha moja, nalo limeelekea magharibi, upande wa ziwa. Jambo hilo sikulifikiria siku niliyonunua ndoo ya lita 20 ya rangi ya ukuta, bluu iliyokolea, niliyoichagua kwenye kikaratasi cha rangi cha dukani.

Ukutani ilipokauka, ikakolea zaidi. Asubuhi jua likiwa nyuma ya nyumba, sebule ilikuwa giza. Saa nne mama mkwe alibeba ungo wake akakaa mlangoni kuchambua mchele. "Mwanangu, humu ndani chuya sizioni," aliniambia. Iliniuma.

Lakini bluu ina saa zake. Kigoma jua huchelewa kutua, karibu saa moja jioni, nyuma ya milima ya Kongo. Kuanzia saa kumi miale inaingia moja kwa moja, na hapo bluu inatuliza macho vizuri mno. Krimu saa hizo hugeuka njano kama samli, na mwanga unaumiza.

Fundi rangi wa pili niliyemwita ndiye aliyenifungua macho. Alipaka vipande viwili ukutani, kila kimoja kipana kama mkeka wa kuswalia, akavipiga mikono miwili, yaani tabaka mbili za rangi, akaniambia nivitazame asubuhi, jioni na usiku taa ikiwa imewashwa. Kopo la lita moja la kila rangi linatosha kwa jaribio hilo. Nakusihi ulifanye, maana kurudi nyuma ni gharama: bluu ile ilibidi ifunikwe kwanza na praima nyeupe, yaani rangi ya msingi, ndipo krimu ipigwe mikono miwili, la sivyo ingechungulia.

Mwishowe krimu nimeipa kuta tatu, ukiwemo ule unaotazamana na dirisha, kwa sababu ndio unaopokea mwanga na kuurudisha chumbani. Ukuta huo usiutie giza hata kidogo. Bluu nimeibakiza ukuta mmoja wa ubavuni, nyuma ya makochi. Krimu nilichukua ya silki, yaani yenye mng'ao kidogo, inayofutika kwa kitambaa chenye maji, kwani vumbi letu jekundu la kiangazi na vidole vya watoto karibu na swichi havina huruma.

Kama dirisha lako limeelekea mashariki, geuza hesabu: asubuhi utakuwa na mwanga tele, jioni chumba kitapoa mapema. Hapo amua kwanza mnakaa humo saa ngapi, ndipo uende dukani.