Zabuni za serikali: usipeleke mali kabla ya karatasi

Barua nyingi safari hii zimetoka Lubumbashi kwenyewe, kwenye komini (mitaa mikubwa ya mji) za Katuba, Kenya na Ruashi, na chache mji wa Likasi. Wengi bado mnauliza RCCM, yaani hati ya usajili wa biashara, inapatikana wapi. Nimeshajibu mara nyingi: Guichet Unique, ofisi ya serikali ya kuandikisha kampuni, na mle mle utapata Id. Nat. (namba ya utambulisho wa taifa ya biashara) na namba ya kodi. Leo nachukua maswali yanayogusa pesa zenu moja kwa moja.

Yaya, hizi zabuni zinatangazwa wapi? Sisi wadogo tunasikia tu kwamba fulani ameshinda. (Mama mwenye duka la vifaa vya ofisi, Katuba)

Zinatangazwa, mama. Sheria ya Kongo namba 10/010 ya Aprili 27, 2010 inataka zabuni za wazi zitangazwe, na kila taasisi iwe na mpango wa manunuzi wa mwaka. Angalia tovuti ya ARMP (mamlaka inayosimamia manunuzi ya serikali), magazeti, na mbao za matangazo kwa gavana na kwa meya. Miradi ya Benki ya Dunia na ya Benki ya Maendeleo ya Afrika hutangazwa pia kwenye tovuti za benki hizo.

Lakini wewe unauza karatasi na wino wa printa. Ununuzi mdogo kama huo mara nyingi haupiti kwenye zabuni ya wazi. Ofisi inaomba bei kwa wauzaji wachache inaowajua, inalinganisha, inachagua. Kwa hiyo lazima wakujue. Andika barua ya kujitambulisha, ambatanisha nakala za hati zako na orodha ya bei, ipeleke kwenye kitengo cha manunuzi cha kila ofisi unayotaka kuiuzia, na nakala yako irudi na muhuri wa kupokelewa. Mwaka ukianza, peleka nyingine.

Na mtu akikwambia ana tangazo la siri, umpe dola 50 akuonyeshe, mkimbie. Hati ya zabuni yaweza kuuzwa, ndiyo, lakini inalipiwa kwa risiti ya serikali, si mkononi mwa mtu barazani.

Mkubwa wa ofisi moja aliniambia nipeleke madawati 60 kwanza, karatasi zitafuata. Ni miezi saba sasa. Kila nikienda, "rudi wiki ijayo". (Fundi seremala, komini ya Kenya)

Papa fundi, barua ya namna hii naipokea tena na tena, na kila mara inaniuma, maana mbao ulinunua kwa pesa yako na vijana wako uliwalipa.

Pesa ya serikali hutoka kwa hatua nne. Kwanza ofisi inajifunga kwa maandishi kwamba itatumia kiasi fulani. Pili deni linahakikiwa: mkataba au karatasi ya agizo, faktire (ankara) yako, hati ya kupokea mali. Tatu inatoka amri ya kulipa. Nne ndipo pesa inafika benki. Hatua ya kwanza inatakiwa iwe imekwisha kabla hujakata ubao wa kwanza. Wewe umeanza mwisho, ndiyo maana hakuna mhasibu anayeweza kukushika mkono hata akikuhurumia. Huyo mkubwa pengine alisema kweli kabisa siku ile. Kesho akihamishwa, atakayekuja hakujui, na ahadi ya mdomo haiachwi mezani.

Fanya hivi wiki hii. Omba hati ya kupokea mali: idadi ya madawati, tarehe, mahali yalipo, jina na sahihi ya aliyepokea, muhuri. Piga picha za madawati yakiwa yanatumika. Andika barua ya kudai, utaje ni nani aliyeagiza na lini, uombe deni litambuliwe kwa maandishi, na nakala uipeleke kwenye wizara ya fedha ya jimbo. Kila nakala irudi na muhuri. Ukiwa na hizo, mwanasheria ana kitu cha kushika. Kama madawati yamerundikwa stoo, omba kwa maandishi uyarudishe, uyauze kwingine.

Wakikwambia uongeze mengine 40 ili deni lote lilipwe pamoja, kataa.

Sheria ya asilimia 40 si inasema sisi Wakongomani tupewe asilimia 40 ya kazi za serikali? Mbona hatupewi? (Kijana wa Ruashi)

Hapana, mdogo wangu, na aliyekufundisha hivyo amekupoteza mara mbili. Sheria namba 17/001 ya Februari 8, 2017 inahusu ukandarasi mdogo, yaani kampuni moja kuipa nyingine sehemu ya kazi yake, katika sekta binafsi: migodi, viwanda, kampuni za simu. Zabuni za serikali zina sheria yake, ile ya 2010. Na ile 40 ni kikomo: kampuni kubwa haiwezi kuwaachia wengine zaidi ya asilimia 40 ya thamani ya mkataba. Si fungu lililowekwa akiba kwa ajili yako.

Kinachokuhusu ni kwamba kazi hizo za ukandarasi mdogo zimetengewa kampuni ambazo mtaji wake mwingi ni wa Wakongomani na makao yake yako nchini. Jiandikishe ARSP (mamlaka inayosimamia ukandarasi mdogo), kisha uende kwenye idara za manunuzi za kampuni za migodi. Katika jimbo letu la Haut-Katanga hiyo ni kazi nyingi: usafiri, chakula cha wafanyakazi, sare, usafi, matengenezo. Binafsi naona kijana anayeanza afadhali aanzie huko, ajenge jina na hesabu za benki, ndipo aingie kwenye zabuni za serikali ambako malipo huchelewa.

Tajiri mmoja anataka kutumia hati za kampuni yangu kwenye zabuni, atanipa asilimia 5. Nikubali? (Likasi)

Usikubali. Kodi itadaiwa kwako, kazi mbovu itaandikwa kwa jina lako, na kampuni yako ndiyo itakayofungiwa.

Kampuni yetu ni mpya, kila zabuni inataka uzoefu wa miaka. Tuanzie wapi? (Wadada watatu, mafundi ujenzi)

Unganeni na kampuni yenye uzoefu, muingie kama kundi, na makubaliano yenu yaandikwe: nani anafanya nini, pesa inaingia akaunti ipi, nani anajibu kasoro.

Halafu tazameni karibu. Tangu Sheria ya Madini (Code minier) ilipobadilishwa Machi 2018, asilimia 15 ya mrabaha wa madini, yaani malipo ya kampuni za migodi kwa serikali, ni ya serikali ya mahali mgodi ulipo: komini mjini, sekta au uchifu vijijini. Pesa hiyo hujenga zahanati, visima, madarasa, yaani kazi za kiasi chenu. Ulizeni bajeti ya komini au sekta yenu inasema nini mwaka huu. Ni haki ya kila raia kuuliza, na nasikitika kwamba hata viongozi wa vyama vyenu vya biashara hawaulizi.

Wanataka asilimia 10 ya kurudisha kabla ya kusaini. Wote wanatoa, mimi nifanye nini? (Bila jina)

Ni rushwa, na anayetoa naye anaadhibiwa. Piga pia hesabu. Mkataba wa dola 20,000 wenye faida ya asilimia 15 unakuachia 3,000. Toa 2,000, unabaki na 1,000. Kama ulikopa 15,000 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, miezi minne ya kuchelewa inakula 1,200. Umefanya kazi ya serikali kwa hasara, na huwezi hata kulalamika kwa sababu umejifunga mdomo mwenyewe. Acha kazi hiyo. Ukiwa na ushahidi, APLC (shirika la serikali la kupambana na rushwa) na IGF (wakaguzi wakuu wa fedha za serikali) zipo.

Bei yangu ilikuwa ndogo kuliko ya aliyeshinda, wakanikataa. (Muuzaji wa vifaa vya umeme)

Bei ndogo haitoshi kama hati ya kodi imeisha muda au dhamana imekosekana. Fungua nakala ya faili yako uhakikishe kabla ya kumshtaki mtu. Ukiikuta kamili, andika kwa ofisi iliyotoa zabuni, udai sababu za kukataliwa. Wasipokujibu vizuri, malalamiko yanakwenda ARMP, kwenye kamati ya kutatua migogoro. Muda wa kulalamika ni siku chache tu tangu matokeo yatangazwe, na wengi mnaniandikia ukiwa umeshapita.