Mpandisheni treni, kisha ashuke Helper

Mhariri, wiki hii mmetuuliza sisi wasomaji tunaoishi Marekani: mgeni akija kutoka nyumbani kwa mara ya kwanza, na ana siku chache tu za kuzunguka, tumpeleke wapi? Mimi nasema mpandisheni treni ya California Zephyr pale Union Station, Chicago, apate kiti cha dirishani, kisha ashuke katika mji mdogo wa Helper, jimbo la Utah, alale huko.

Treni hiyo ya Amtrak, shirika la treni za abiria la Marekani, huondoka Chicago mchana na kufika Emeryville, ng'ambo ya ghuba ya San Francisco, siku ya tatu alasiri, baada ya kilomita kama 3,900. Kwa ndege ni saa chache tu. Lakini aliyeruka juu ameona miji miwili na mawingu. Hajaona nafaka inakolimwa, makaa ya mawe yalikochimbwa wala maji yanakochotwa, na bila hivyo miji yenyewe isingekuwepo.

Illinois na Iowa ni mahindi na soya mpaka macho yachoke. Kila kimji kina ghala la nafaka lililosimama wima kando ya reli, mara nyingi refu kuliko kanisa. Mto Mississippi mnauvuka Burlington kabla ya jioni kuingia. Nebraska hupita usiku, alale tu.

Asubuhi ni Denver, mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapo asisinzie tena. Treni inaanza kupanda Milima ya Rocky kwa kujipinda, na kwenye kona moja kubwa ataona safu ya mabehewa ya mizigo yamesimama kando ya njia, yamejazwa mchanga. Hayaendi popote. Yamewekwa pale kukinga upepo mkali wa nyanda usiiyumbishe treni. Kisha handaki la Moffat, kilomita 10 ndani ya mwamba, lililofunguliwa 1928. Kondakta hutangaza kwamba asitoke mtu kwenda behewa jingine mpaka tumalize, moshi wa dizeli usije ukaingia. Juu yenu ndipo maji ya nchi yanapogawana: upande mmoja huelekea Atlantiki, mwingine Pasifiki.

Mkitoka upande wa pili mnakutana na mto Colorado ungali mdogo, na reli inaandamana nao saa kadhaa, korongo baada ya korongo. Safari yangu ya mwisho nilikaa karibu na mama mmoja Mkongo, mwenyeji wa Uvira, aliyekuwa akienda kumwona binti yake Grand Junction. Nilimsikia akizungumza Kiswahili kwenye simu nikamsalimia. Akauangalia mto muda mrefu, akaniuliza, "Mutoto yangu, hii mayi inaendaka wapi?" Nikamweleza: inakunywewa Denver, Las Vegas, Phoenix na Los Angeles, inamwagilia mashamba ya jangwani, watu kama milioni 40 wanaitegemea, na kwa kawaida hukauka huko Mexico kabla ya kuifikia bahari. "Muto muzima?" akasema. Aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika lazima ashangae. Mimi mwenyewe, kila ninaposoma habari za ukame wa magharibi, huukumbuka mto huo jinsi ulivyo juu kule, mwembamba na mwepesi, na nchi nzima inausubiri chini.

Jioni ndiyo Helper. Wakazi ni kama 2,000 tu. Zamani treni nzito zilipofika hapa ziliongezewa vichwa vya kuzisukuma kupanda hadi Soldier Summit, zaidi ya mita 2,200, na kazi hiyo ndiyo iliyoupa mji jina: kwa Kiingereza "helper" ni msaidizi. Milimani kulikuwa na makaa ya mawe, na makaa yakawaita watu: Wagiriki, Waitalia, Waslavi, Wajapani. Barabara kuu bado ina majengo yao ya matofali, mengine sasa ni studio za wachoraji. Nje ya maktaba imesimama sanamu ya mchimbaji, nyeusi, kimo chake mara tatu ya mtu.

Ndani ya makumbusho ya migodi na reli, yaliyo katika hoteli ya zamani, angalia vibati vya shaba vyenye namba. Mchimbaji alitundika chake ubaoni ili ijulikane nani bado yuko chini. Tarehe 8 Machi 1924 mgodi wa Castle Gate, hapo juu tu bondeni, ulilipuka na kuua watu 172, mmoja wao mwokoaji. Nilishika kimoja cha vibati hivyo, na kwa muda sikuweza kusema neno. Kituo cha umeme wa makaa kilichokuwa bondeni humo nacho kilifungwa 2015, na ajira zake zikaenda.

Mimi ni mtu wa Makindu, Kenya. Mji wetu ni wa reli, na hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926 bado linawapa wasafiri chakula bure. Kilomita chache kutoka Helper, mjini Price, kuna kanisa la Kiorthodoksi ambalo Wagiriki wa migodini walilijenga 1916. Nilisimama mlangoni pake nikaona kwetu. Wenye reli waliwaleta watu kufanya kazi, watu wakajenga mahali pa ibada, na hapo pakawa kwao. Mgeni wenu akiliona hilo, hatahitaji kuelezwa sana Marekani imeundwaje.

Kesho yake apande tena aendelee: Salt Lake City usiku, jangwa la Nevada, kisha Sierra Nevada, ambako maelfu ya vibarua wa Kichina walitoboa mwamba kwa baruti ili reli ya kuvuka bara ikamilike 1869. Asishangae treni ikichelewa. Sehemu kubwa ya njia ni mali ya makampuni ya mizigo, na treni zao ni ndefu na nyingi.

Nguo nzito asiache hata kiangazi, milimani usiku ni baridi. Chumba akitafute mapema, Helper haina hoteli nyingi. Na tiketi ya kuendelea awe nayo kwenye simu kabla hajashuka, maana stesheni ile haina mhudumu wala dirisha la tiketi, na treni ya kwenda magharibi hupita mara moja tu kwa siku.