Mtihani wa Programu Mtandaoni: Maswali ya Wasomaji

Waajiri wa Unguja na Pemba, na wa nje wanaotafuta watu wa kuwafanyia kazi wakiwa hapa hapa visiwani, siku hizi humpelekea mwombaji kiungo cha mtihani kabla hata ya kumwita kwenye usaili. Mwombaji anafungua kivinjari, anakuta swali na uwanja wa kuandikia, na programu anayoiandika inaendeshwa na kusahihishwa na mashine, ambayo hapa tunaiita simuleta. Barua za mwezi huu zote zinahusu mitihani hiyo. Nyingi zimeandikwa na watu wenye ujuzi wa kutosha, ila hakuna aliyewaambia mashine inatazama nini. Hilo linatuuma, kwa sababu ni jambo la kujifunza kwa siku chache tu.

Assalamu alaykum. Nimemaliza shahada ya kompyuta. Katika mtihani nilipewa orodha ya uzito wa magunia ya karafuu na uzito mmoja unaotakiwa, niseme kama yapo magunia mawili ambayo jumla yake ni uzito huo. Kwenye kompyuta yangu jibu linatoka sahihi kila nikijaribu. Simuleta imenipa vipimo 5 kati ya 12. Kosa ni langu au la simuleta? — M., Wete

Wa alaykumu s-salaam. Simuleta haikukuonea. Ile mifano miwili mitatu inayooneshwa chini ya swali ni ya kukufahamisha tu. Alama zinatoka kwenye vipimo vya siri, na hivyo ni vya aina mbili: vya usahihi na vya kasi. Codility, mojawapo ya simuleta hizo, hufika hadi kutoa alama mbili tofauti, moja kwa kila jambo.

Tuanze na kasi, maana inaelekea ndiko ulikoangukia. Njia inayomjia kila mtu kwanza ni vitanzi viwili (amri zinazojirudia), kimoja ndani ya chengine: kila gunia unalipima na kila gunia jengine. Kwa magunia 10 hizo ni jozi 45, na kompyuta yako haihisi kitu. Kipimo cha siri kinaleta magunia 100,000, na jozi zinakuwa 4,999,950,000. Lugha ya programu ya Python hufanya takriban hatua nyepesi milioni 10 kwa sekunde, kwa hiyo kazi hiyo itachukua zaidi ya dakika nane. HackerRank, simuleta nyengine, kwa kawaida huipa Python sekunde 10, Java sekunde 4 na C++ sekunde 2. Ukipitisha muda huo, kipimo kizima kinahesabiwa umekosa, hata kama jibu lako lingekuwa sahihi.

Dawa yake ni seti, yaani chombo cha kuhifadhia vitu ambacho hujibu papo hapo kama kitu fulani kimo. Pita kwenye orodha mara moja tu. Ukifika kwenye gunia, toa uzito wake kwenye uzito unaotakiwa, kisha iulize seti kama kilichobaki kimo. Kikiwemo, umeshapata jibu. Kisipokuwemo, tia gunia lile kwenye seti, uendelee. Hatua zinakuwa 100,000, na hazifiki hata sekunde moja. Shika utaratibu huo: kuuliza kwanza, kutia baadaye. Ukitia kabla ya kuuliza, na uzito unaotakiwa ni kilo 50, gunia moja la kilo 25 litajioanisha lenyewe na programu itajibu "ndiyo" pasipo na gunia la pili. Kosa hili halionekani kwenye mifano. Vipimo vya siri hulitafuta makusudi.

Kabla hujaandika mstari wowote, soma mipaka ya swali, yaani idadi kubwa kabisa ya vitu utakavyopewa. Ikiwa ni 1,000, vitanzi viwili vinapita, maana ni hatua milioni moja. Ikiwa ni 100,000, tafuta njia ya kupanga au ya seti. Mtunga swali hakuiweka namba ile kwa bahati. Amekwambia kimya kimya ni njia ipi anaitarajia.

Kuna mambo mengine yanayokula alama za watu wanaojua kazi. La kwanza ni kuchapisha maneno ya kumkaribisha mtumiaji, kama "Ingiza uzito:". Chuoni tulifundishwa hivyo, lakini simuleta hulinganisha herufi kwa herufi, na neno moja la ziada linaharibu vipimo vyote 12. La pili ni kuchapisha jibu pale ambapo swali linataka fankisheni (kipande cha programu kinachopokea kitu na kutoa jibu) irudishe jibu. Codility hutaka lirudishwe. La tatu linawahusu wanaotumia Java: namba ya aina ya int inaishia 2,147,483,647, na jumla ikizidi hapo inageuka hasi bila onyo lolote, hivyo jumla iwekwe kwenye long. La nne ni orodha tupu, au yenye gunia moja tu. Jaribu hali hizo mbili mwenyewe kila mara kabla ya kubonyeza kitufe cha kuwasilisha, kisha tengeneza orodha ya namba 100,000 za kubahatisha uone programu inachukua muda gani.

Umeme ukikatika katikati ya mtihani, ndiyo basi? Huku kwetu unaweza kuondoka wakati wowote. — Msomaji, Chake Chake

Si basi, ila saa ya mtihani haisimami. Muda unahesabiwa na seva yao, haukai kwenye kompyuta yako. Unapobonyeza "anza", umeanza, hata ukifunga kivinjari. Msimbo, yaani maandishi ya programu yako, kwa kawaida huhifadhiwa kila baada ya muda mfupi, kwa hiyo ukirudi kwa kiungo kile kile utaukuta karibu na pale ulipouacha.

Kompyuta mpakato yenye betri nzuri inatatua nusu ya tatizo. Nusu ya pili ni ruta, ambayo huzimika pamoja na umeme. Weka simu yenye bando karibu, hotspoti ikiwa imeshajaribiwa na kompyuta hiyo hiyo siku moja kabla. Kutafuta nywila ya hotspoti wakati dakika zinakwenda ni kujitesa. Mtihani wenyewe ni maandishi na hauli bando sana. Unaokula ni ule wenye msimamizi anayekutazama kwa video moja kwa moja, na huo utahitaji bando kubwa na mtandao uliotulia. Ukihama kutoka ruta kwenda simu, anwani yako ya mtandao inabadilika, na baadhi ya mifumo huliandika hilo kama jambo la kutiliwa shaka. Mtumie mwajiri ujumbe siku hiyo hiyo, ueleze umeme ulikatika saa ngapi na uliporudi mtandaoni ilikuwa saa ngapi. Ukisubiri mpaka majibu yatoke, utaonekana unatafuta kisingizio.

Usifanye mtihani kwenye simu, hata kama kiungo kinafunguka. Mazoezi ya kusoma maswali na kufikiri yanawezekana kwenye simu. Kuandika mistari 40 yenye mabano na nafasi zake, hapana.

Binti yangu amepata mtihani wa kampuni ya nje. Wametaka kamera iwe wazi muda wote, na tumesikia msimamizi anaweza kumtaka aoneshe masikio. Anajisitiri. Afanyeje? — Mzee S., Mkoani

Mzee wetu, shikamoo. Kwanza aulize ni usimamizi wa aina gani, maana kuna tofauti kubwa. Mitihani mingine haina kamera kabisa, inaandika tu kila anapotoka kwenye ukurasa. Mingine hupiga picha kila baada ya muda, na mashine huzipitia. Aina ya tatu ina mtu hai anayetazama, na huyo ndiye anayeweza kuomba aoneshwe masikio, ili ahakikishe hakuna kifaa cha kusikilizia.

Ombi la kupatiwa msimamizi mwanamke ni la haki na si geni kwa kampuni hizi, lakini liandikwe kwa barua pepe siku kadhaa kabla. Likitolewa dakika ya mwisho, msimamizi hana mamlaka ya kubadilisha kitu. Aandike wazi kwamba yuko tayari kukaguliwa na mwanamke kabla ya mtihani kuanza, na aombe jibu la maandishi.

Kwa upande wa nyumbani, akae ameupa ukuta mgongo, taa au dirisha likiwa mbele yake. Mtu akipita nyuma yake, au sauti za mazungumzo zikisikika, mfumo unaweka alama. Wadogo zake waambiwe mapema. Asome pia ratiba ya swala kabla hajachagua saa: mtihani wa dakika 90 ukianza muda mfupi baada ya Isha haugongani na kitu, ukianza alasiri unaweza kumfikisha Magharibi akiwa bado anaandika.

Tunakodisha nyumba za wageni, ofisi yetu ipo Fumba. Tulitafuta mtu wa PHP (lugha ya kutengenezea tovuti) na hifadhidata, waombaji wakafika 60. Tukatumia maswali yaliyomo tayari kwenye simuleta. Aliyeongoza kwa alama tukamwajiri, kazini anasuasua. Mtihani hauna maana? — Meneja

Mtihani una maana, ila mlipima kitu chengine. Maswali ya tayari mengi ni mafumbo ya mbinu, na anayekesha kwenye LeetCode, tovuti ya kufanyia mazoezi ya mafumbo hayo, huyapita hata kama hajawahi kujenga mfumo wa mteja anayelipa. Andikeni maswali yenu matatu kutoka kwenye kazi yenu. Simuleta nyingi zinaruhusu hivyo.

La kwanza: mpeni orodha ya nafasi zilizoshikwa za nyumba moja, aseme kama nafasi mpya inagongana na yoyote. Wengi wataorodhesha hali moja moja na kusahau ile ambapo mgeni mmoja anakaa katikati ya siku za mwengine. Anayejua ataandika sharti moja: mwanzo wa huyu uwe kabla ya mwisho wa yule, na mwanzo wa yule uwe kabla ya mwisho wa huyu. Wekeni kipimo cha siri cha mgeni anayetoka tarehe 10 na mwengine anayeingia tarehe 10 hiyo hiyo. Hao hawagongani, na programu ikisema wanagongana, mtapoteza usiku mmoja wa mapato kila wageni wakipokezana siku moja. Wekeni na tarehe 29 Februari.

La pili liwe la SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata: kila nyumba na idadi ya wageni wake wa mwezi uliopita, zikiwemo nyumba zisizopata mgeni. Hapa ndipo mtakapomjua mtu. Anayeunganisha majadweli kwa INNER JOIN, inayobakisha nyumba zenye wageni tu, atazipoteza nyumba tupu. Anayetumia LEFT JOIN, inayobakisha nyumba zote, kisha akaweka sharti la tarehe kwenye WHERE (mchujo unaofanyika baada ya kuunganisha) atazipoteza tena, na hatojua kwa nini. Sharti hilo linatakiwa likae kwenye ON, yaani sharti la kuunganisha lenyewe. Na anayeandika COUNT(*) ataipa nyumba tupu mgeni 1, kwa sababu anahesabu safu za mlalo badala ya kuhesabu nguzo (safu ya wima) ya jadweli la wageni. Makosa yote matatu hutoa ripoti inayoonekana nzuri machoni. Ndiyo maana swali hili tunalipenda kuliko mafumbo kumi.

La tatu, mpeni msimbo wa PHP wa mistari 60 wenye kasoro, airekebishe na kueleza. Tieni bei zilizowekwa kama namba za desimali, ambazo hujumlisha 0.1 na 0.2 zisipate 0.3 kamili, dola zinatakiwa zitunzwe kwa senti, namba nzima. Tieni pia jina la mgeni lililounganishwa moja kwa moja ndani ya hoja ya SQL. Mgeni anayeitwa Sa'ad ataivunja hoja hiyo kwa ile ritifaa (') ya jina lake tu, na mwenye nia mbaya ataisoma hifadhidata yenu yote.

Kabla ya kuwapelekea waombaji, wapeni maswali hayo watu wenu wawili wanaofanya kazi hiyo. Muda waliotumia uzidisheni mara mbili. Wao wanaijua biashara, mwombaji haijui. Alama za chini za kupita zisiamuliwe kabla ya hapo. Kisha wale kumi wa juu waiteni, na kila mmoja mkae naye nusu saa mbele ya msimbo wake mwenyewe, mkimuuliza kwa nini aliandika hivi na atabadilisha nini nyumba zikiwa 500. Nusu saa hiyo ingewaonesha yaliyowakuta.

Nikimuuliza ChatGPT jibu, watajua? — Kijana, Mwanakwerekwe

Mara nyingi, ndiyo. Mifumo mingi hurekodi kila herufi unavyoiandika, na mwajiri anaweza kuitazama kama video: mtu anayefikiri huandika, hufuta, hurudi, msimbo ulionakiliwa hutokea wote kwa mpigo mmoja. Kubadilisha majina ya vigezo hakusaidii. MOSS, mfumo uliotengenezwa mwaka 1994 kwa ajili ya kazi za wanafunzi, hulinganisha muundo wa msimbo na hauyajali majina, na simuleta za leo zina mbinu za namna hiyo. Baadhi ya waajiri sasa wanaruhusu msaada wa akili bandia na huandika hivyo kwenye maelekezo. Yasome. Yakiwa kimya, uliza kwa barua pepe kabla ya kuanza.

Mwisho wa kuwasilisha umeandikwa Jumapili 23:59 UTC. Ni saa ngapi kwetu? — Msomaji, Bububu

UTC ni saa za kimataifa. Ongeza saa 3: ni saa 8 na dakika 59 usiku wa kuamkia Jumatatu. Angalia mwajiri akiandika "saa za London", maana kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba London husogeza saa mbele, na tofauti yetu nao inakuwa saa 2. Usaili wa 14:00 ya London utakuwa saa 11 jioni kwetu mwezi wa Januari, na saa 10 alasiri mwezi wa Julai.