Ncha ya peni inapwaya, gundi nayo inaniharibia kazi

SWALI: Fundi shikamoo. Mi nakereza peni za mpingo, mabaki nachukua kwa wachonga vinyago, natumia zile seti za parti za peni nyembamba (slimline) za milimita 7. Peni tatu za mwisho ncha inapwaya, ukiinamisha peni inadondoka, na klipu inazunguka hovyo. Nikaweka supa gluu, ncha ikashika kweli ila mtambo wa kuzungusha nao ukaganda, sasa peni haifunguki na mteja kashalipa. Nakosea wapi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, na pole sana, mpingo ukishang'aa vile alafu peni igome inauma.

Naomba kwanza uangalie ndani ya kibomba cha shaba. Ukigandisha kibomba kwenye mbao gundi huingia ndani, ikikauka wengi wetu tunachukua tupa ya duara au biti ya drili tunakwangua, na hapo ndo balaa linapoanzia kwa sababu shaba ni laini na hizi parti zinashikwa kwa kubanwa tu, ukila ukuta kidogo sana, hata jicho halioni, tayari inapwaya. Dawa ni kuzuia gundi isiingie: chomeka mdomo wa kibomba kwenye kipande cha kiazi kibichi, kizibo kinabaki humo, gundi ikikauka unakisukuma kinatoka. Pia usichanganye parti za seti tofauti hata kama zote zimeandikwa 7.

Hizo ambazo zishapwaya, usimwage gundi mbichi. Chukua ncha, kwaruza kile kishina kinachoingia ndani kwa msasa, paka supa gluu nyembamba kabisa kwenye kishina, acha ikauke kabisa, jaribu kuingiza. Bado inapwaya ongeza tabaka, ikizidi piga msasa kidogo, mpaka uhisi inataka kubanwa na jiliwa (vaisi) ndo iingie. Kwa hiyo unaibana ikiwa kavu na hakuna gundi ya kutembea. Supa gluu mbichi ni maji, inapenya kwenye kila kiwazi, ndo maana mtambo wako uliganda, na mvuke wake unaacha ukungu mweupe ambao kwenye mpingo mweusi unaonekana toka mbali.

Kama tofauti ni kubwa tumia araldaiti, ile gundi ya kuchanganya mbili, tone dogo la kijiti cha meno, na wino usiuweke mpaka kesho yake.

Klipu ni kesi nyingine. Inabanwa na kofia, kwa hiyo ikizunguka mara nyingi kofia haijaingia mpaka mwisho au mdomo wa mbao haujakatwa sawasawa, upande mmoja umeinuka. Sawazisha mdomo kwanza, gundi baadae.

Nusu ya juu usiigundishe na mtambo wa kuzungusha kabisa, hata kidogo, hapo ndo panavutwa kubadilisha wino. Ikilegea paka rangi ya kucha isiyo na rangi ndani ya kibomba, nyembamba, ikauke.

Hiyo iliyoganda usiitie moto, mpingo hupasuka kwa joto, na asetoni italegeza gundi ila itakula na ung'aro wako wote. Mi ningemtengenezea mteja nyingine wiki hii hii, hiyo ya kwanza ubaki nayo ya kujifunzia kufungua.